Sokoni Urusi, Onja Kabla ya Kulipa
Ukijaliwa kwenda kusoma Urusi, msomaji, usitegemee maduka makubwa pekee. Nenda soko la wakulima. Lile la Danilovsky jijini Moscow lina kuba la kupendeza, lakini siku hizi limejaa mikahawa na bei zake zinauma. Afadhali Soko Kuu la Rostov-on-Don, ubavuni mwa kanisa kuu, penye samaki wakavu tele. Usione haya kuonja asali, jibini laini, au kabeji iliyochachushwa kwa chumvi. Sema "Mozhno poprobovat?", yaani "Naweza kuonja?" Kisha omba upunguziwe, hasa jioni wachuuzi wakifungasha. Mwezi Agosti, akina bibi huuza kando ya barabara matunda madogo ya msituni, wakiyapima kwa bilauri, pamoja na uyoga. Matunda nunua, uyoga usioujua uache, kwani wa sumu huua.