Chai ya Amani na Kiraka cha Mfarishi

Wengi wetu tukisikia Usambara twafikiri Lushoto peke yake, na baridi yake na kabichi zake. Lakini milima hii ni mafungu mawili, na Bonde la Lwengera lapita katikati. Lushoto iko magharibi. Upande wa mashariki, katika Wilaya ya Muheza, ndipo ilipo Amani.

Mtu aendaye huko hupanda gari Muheza mjini, akaiacha michungwa nyuma yake, akafika Sigi, mahali ilipokuwa ikiishia reli ndogo ya Wajerumani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ingalipo, ingawa reli yenyewe ilikwisha ng'olewa zamani. Toka hapo njia yapanda kwa kona nyingi, msitu umefunga huku na huku, na hewa yabadilika kila kona. Ukifika juu, kadiri ya meta 900 toka usawa wa bahari, utatafuta sweta, nawe utaambiwa ukaribie chai.

Chai hiyo ina historia yake. Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, wakaleta miti na mazao kutoka pande nyingi za dunia. Kabla ya hapo walowezi wao walikuwa wamefyeka msitu ili wapande kahawa, nayo ikawashinda. Udongo wa huku wadanganya macho: ukiona miti mikubwa vile wadhani ardhi ina rutuba nyingi, kumbe ukishafyeka wauona umaskini wake na uchachu wake. Mchai haukuuchukia uchachu huo. Ulijaribiwa kwenye taasisi miaka ile ya mwanzo, na baadaye majina kama Kwamkoro na Bulwa yakawa majina ya chai. Wataalamu wa kilimo walihamia Muguga, Kenya, wakati wa Waingereza, na nyumba zao zikachukuliwa na watafiti wa malaria. Chai ilibaki.

Ukilifikicha jani bichi la chai mkononi, halikupi ile rangi ya kikombe. Wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake. Kiwandani majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yapate hewa mpaka kijani kigeuke rangi ya shaba, ndipo hukaushwa kwa moto. Ndani yake mna tanini, kitu kile kinachokaza ulimi unywapo chai iliyokaa mno jikoni. Ndicho kilichomo pia katika magome ya mkoko, ambayo watu wa pwani waliyachemsha kwa kupata rangi nyekundu ya kahawia, na ambayo yaliuzwa ng'ambo kwa kutengenezea ngozi. Tanini hushika nyuzi za pamba. Kila mama aliyepata kufua kitambaa cha meza kilichomwagikiwa chai ajua habari hiyo, wala hakuhitaji kufundishwa na mtaalamu.

Mwaka huu nilikwenda Amani kwa kazi ya vitabu vya ubatizo. Nilimkuta mama mmoja mzee kibarazani pake, amekunjua mfarishi magotini, yaani lile tandiko la vipande vilivyounganishwa na kushonwa tabaka kwa tabaka. Ulishonwa na marehemu mama mkwe wake kwa vipande vya kanga na vya merikani. (Merikani, kwa vijana wasioijua, ni kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa weupe. Jina lake latokana na Marekani, maana katika karne ya 19 kililetwa Unguja na merikebu za kule.) Kaa la moto lilikuwa limeunguza mfarishi tundu kubwa kama sahani, na mjukuu wake alikuwa karibu kuolewa, naye ndiye aliyeahidiwa kupewa. Binti za nyumbani walikwisha shauri utupwe, linunuliwe blanketi.

Mama alikuwa na kipande kipya cha pamba, cheupe kama jino.

"Karani, tazama," aliniambia. "Nikikitia hiki, kitang'aa peke yake kama mgeni asiyeamkia watu."

"Mama, si usiku watu wamelala? Nani atakitazama?"

"Si macho tu, mwanangu. Hiki hakijaruka. Siku ya kufuliwa kitaruka, kivute vile vizee vya kandokando, vipasuke."

Nami nikakumbuka kwamba Injili nayo yataja kiraka kipya juu ya vazi kuukuu. Nguo ya zamani imekwisha sinyaa yote iliyokuwa nayo ya kusinyaa, mpya bado. Basi yule mama alikuwa akiinjika sufuria ya chai kwa makusudi mawili kwa pamoja: maji ya moto yakirushe kitambaa kabla hakijashonwa, na rangi imtoe ugeni.

Alianza kwa kukifua kwa sabuni ili kutoa dondo, ule ugumu wa kiwandani, kwa kuwa dondo huzuia rangi isiingie sawasawa. Kwa kitambaa cha meta moja zatosha lita 4 za maji na pakiti ya gramu 50 ya majani ya chai. Chai huchemshwa mpaka ikolee vizuri, kisha huchujwa kwa kitambaa, maana chembe zikibaki zitaacha madoa kama surua. Pamba huingizwa ikiwa imeloa tayari, nayo hugeuzwageuzwa kwa mwiko nusu saa au zaidi. Isibanwe ndani ya chombo kidogo. Mikunjo itaacha mabaka. Na msidanganyike na rangi ya kitambaa kikiwa majimaji, kikikauka hupauka. Yule mama alitia ncha ndogo kwanza, akaikausha, akaiweka juu ya merikani ya zamani, akatikisa kichwa, akaongeza majani. Alifanya hivyo mara tatu. Kilisuuzwa kwa maji baridi na kuanikwa kivulini.

Wako wanaotia chumvi wakisema yashika rangi. Mimi naona ni kupoteza chumvi. Kinachosaidia ni shabu kidogo, ikiwapo. Na kitambaa cha poliesta msikisumbue, kwa kuwa hakiishiki chai.

Huko Ulaya na Marekani washonaji wa mifarishi hutumia chai pia, na wengine hufanya hivyo ili kitu kipya kionekane cha kale. Kama ni pambo la nyumbani sioni ubaya. Lakini kumwuzia mgeni apitaye shuka la mwezi jana kwa jina la shuka la bibi, huo ni uongo uliotiwa rangi, hata kama fedha yake ni tamu.

Tena liko jambo zito zaidi. Tanini ina uchachu, na ikikutana na chuma huwa nyeusi na kula nyuzi polepole. Mifarishi ya karne ya 19 iliyohifadhiwa ng'ambo yaonyesha wazi: vipande vya kahawia na vyeusi vilivyotiwa tanini na chuma vimemomonyoka, na vipande vya jirani, vya umri ule ule, ni vizima. Kwa hiyo tumieni sufuria ya aluminiamu isiyo na kutu, wala si chungu cha chuma. Na msichovye katika chai nguo kuukuu yenyewe, wala kanzu ya ubatizo mnayoitunza kwa ajili ya watoto wajao. Chai ni ya kiraka. Yule mama hakuutia mfarishi wake hata tone.

Mjukuu aliondoka nao. Niliuona siku ile umekunjwa juu ya sanduku, na nilikitafuta kiraka kwa macho kwa muda kabla sijakipata, tena nilikijua kwa uzi wake mpya tu. Ufuaji wa kwanza ufanyike peke yake, bila nguo nyeupe beseni moja, na uanikwe mbali na jua kali, kwani jua huipausha rangi ya chai upesi. Ikipauka sana, fumueni kiraka, mkichovye upya, mkishone tena.