Chema Hakijiuzi Mbele ya Jopo

Methali yetu inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la Ngamiani, hapa Tanga, hakuna wa kuipinga. Mwenye samaki wabichi hana haja ya kupaza sauti. Mnunuzi hufunua shavu la samaki, akaona wekundu wake, akatoa fedha. Lakini nimekuja kuamini kwamba methali hii, tunapowarithisha watoto wetu bila kuwaonyesha mipaka yake, huwaponza siku ile wanayohitaji zaidi kusema. Ndani ya chumba cha usaili hakuna atakayekufunua shavu. Mbele yako wameketi watu watatu au wanne wasiokujua wewe wala kwenu. Wana karatasi ya alama na dakika chache, na usipoyasema mwenyewe uliyoyafanya, kwao ni kama hukuyafanya.

Nayasema haya kwa sababu nimekuwa upande wa wanaouliza. Na nikiwa nyumbani, katika barabara zetu za namba, vijana hunijia na matangazo ya kuitwa kwenye usaili ili tujaribu maswali pamoja. Wengi wao hawapungukiwi akili wala elimu. Kinachowakwamisha ni adabu njema iliyotumika pasipo pake.

Mtoto wa Pwani hufundishwa mapema kuamkia, kupokea mzigo wa mkubwa, kuinamisha macho mkubwa anaposema, kutojibu mpaka aulizwe, na akiulizwa ajibu kwa ufupi. Akisifiwa, husema ni Mungu tu. Ninaipenda adabu hii na sitaki mtoto wangu aipoteze. Lakini mpeleke kijana huyo mbele ya jopo: macho yako sakafuni, sauti iko kooni, majibu ni ya neno moja. Jopo haliioni heshima yake. Linaona mtu anayeogopa, au mbaya zaidi, mtu anayeficha jambo.

Zamani ukimya huo haukuwa na gharama kubwa. Kazi nyingi mtu aliingizwa na mjomba aliyekwishatangulia, akamtaja kwa msimamizi, yakaisha. Siku hizi milango ni michache na wanaobisha ni wengi mno. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita vijana zaidi ya 10,000 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, yakaja maombi zaidi ya 135,000. Ni zaidi ya watu themanini kwa kila kiti kimoja. Mara nyingi usaili wa mchujo, ule wa kuandika, hutangulia, na anayeuvuka ndipo huitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Aliyefika hapo amekwishathibitisha kwamba anajua. Kilichobaki ni kuwafanya watu wasiomjua waamini kwamba wanaweza kumkabidhi kazi, watu na fedha.

Hapo ndipo swali la uongozi linapoingia, na hapo ndipo vijana wetu wengi hujinyima haki yao. Binti mmoja wa jirani, mhitimu wa chuo, alikuja kwangu jioni na tangazo lake mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mimi ndiye mwenyekiti wa jopo. Umewahi kuongoza watu?"

"Hapana, shangazi. Sijawahi kupewa cheo chochote."

"Daftari la mchezo wa mama yako anaandika nani?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu niko sekondari."

"Na yule mama aliyefiwa, akaomba zamu yake isogezwe mbele, nani alikwenda kuzungumza na mwenye zamu?"

"Mama alinituma mimi. Alisema mimi nitasikilizwa kwa sababu naijua hesabu ya kila mtu."

"Fedha imewahi kupotea?"

"Haijawahi hata mara moja."

"Basi mwanangu, umeongoza. Ila hujawahi kuliambia jopo."

Mama yake ni kijumbe, mkusanyaji wa fedha za mchezo wa upatu, na kwa miaka yote hiyo binti amekuwa mkono wake wa kulia. Anayeijua kazi ya kijumbe anajua uzito wake. Hana askari wala mkataba wenye muhuri. Watu humpa fedha zao wakiwa na shida zao wenyewe nyumbani, kwa sababu mzunguko uliopita kila mmoja alipata chake kwa siku yake. Huamua zamu kwa kura ili pasiwe na manung'uniko. Anayechelewesha mchango humwendea kwake kwa faragha, akazungumza naye pasipo kumwaibisha mbele ya wenzake. Likitokea la dharura, halibadilishi taratibu peke yake. Hurudi kwa wanachama, akapata ridhaa yao. Kupanga, kutunza mali ya wengine, kusuluhisha, kuamua, kutoa hesabu: kazi zote ambazo semina za uongozi huzifundisha hotelini zinafanyika sebuleni Ngamiani, juu ya mkeka.

Si mchezo pekee. Yupo aliyekuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, akasimama siku ya mwisho kusoma mapato na matumizi mbele ya mashangazi wasiosamehe hata shilingi mia. Yupo nahodha wa timu ya mtaa aliyewapatanisha wachezaji wawili waliokuwa hawasemeshani. Yupo aliyewapanga watoto wa madrasa kwa maulidi, na yupo aliyesoma risala mbele ya mgeni rasmi shuleni. Vijana hawa hukaa mbele ya jopo na kusema hawana uzoefu. Wanao. Wamefundishwa kwamba kisicholipiwa mshahara si kazi, na kisichokuwa na cheo si uongozi.

Nikiwaambia hivyo hunijibu kwamba wanaona haya kujisifu. Hofu hiyo naiheshimu, na dawa yake ninayo kutoka kwa yule yule kijumbe. Siku ya kufunga mzunguko hasemi kwamba yeye ni mwaminifu, mchapakazi na mwenye kipaji cha uongozi. Hufungua daftari na kusema: tulikuwa watu kadhaa, ilikusanywa kiasi hiki, fulani alipata tarehe hii, tulipata tatizo hili, tukalimaliza hivi. Hajajisifu hata kidogo, na kila aliyepo ameondoka akijua huyu ni mtu wa kuaminiwa. Jopo nalo lisimuliwe hivyo hivyo. Jambo lilikuwa nini, wewe, si kundi zima, ulifanya nini, liliishaje, na lilikufundisha nini. Jibu la namna hiyo halichukui hata dakika mbili, na linabaki kichwani mwa msikilizaji baada ya sifa tupu za watu kumi kusahaulika.

Mwana wa Tanga aliyeliona hili kabla yetu ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake katika ajira ya serikali ya kikoloni, kuanzia ukarani wa forodha. Katika Kusadikika, kitabu chake kilichotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme. Anapopewa nafasi ya kujitetea, haombi huruma wala hajipambi kwa maneno makubwa. Kwa siku sita anawasimulia watu waliotumwa kuitafutia nchi yao mema, kila mmoja alikokwenda, alichokileta, na malipo mabaya aliyoyapata. Matukio yanamsemea, na mwisho anaachiwa huru. Kila ninapokirudia kitabu hiki naona somo kwa yeyote atakayesimama mbele ya wenye uamuzi juu ya maisha yake: heshima kamili kwa baraza, uso ulioinuliwa, na ushahidi unaofuatana kwa mpangilio.

Uso ulioinuliwa hauvunji adabu. Ingia, salimu, subiri kuambiwa uketi, shukuru. Kisha mtazame anayekuuliza kama unavyomtazama mgonjwa uliyekwenda kumjulia hali, kwa kujali anachosema. Ukiulizwa ujieleze, jopo halitaki habari za shule ya msingi uliyoanzia. Linazo kwenye wasifu wako. Sema unachokifanya sasa, ulichowahi kukikamilisha, na kitu utakachoisaidia nacho ofisi hiyo. Usilolijua, kiri kwamba hulijui, kisha eleza ungeanzia wapi kulitafuta. Sijawahi kumshusha mtu kwa jibu la aina hiyo. Nimewashusha wengi kwa kubahatisha kwa sauti kubwa.

Lugha huwatia hofu wengi kuliko swali lenyewe. Swali likija kwa Kiingereza, jibu kwa sentensi fupi unazozimudu, polepole. Hakuna alama za lafudhi. Na chochote utakachokisema, kiseme kwanza nyumbani kwa sauti, mbele ya mtu halisi: mama anayepika, kaka anayefunga baiskeli yake, rafiki wa barazani. Kusoma majibu kimoyomoyo hakumzoezi mtu kusikia sauti yake ikitoka. Majibu ya kukariri nayo hukatika swali likibadilishwa neno moja, lakini jambo ulilolifanya kwa mikono yako halisahauliki, liulizwe vyovyote.

Yapo na madogo yanayomaliza ujasiri kabla mlango haujafunguliwa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husisitiza vyeti halisi na kitambulisho, na kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Anayetoka Tanga kwenda Dodoma aliyepanga nauli na mahali pa kulala wiki moja kabla huingia akiwa ametulia. Aliyeshuka basi alfajiri akakimbilia ukumbini na jina la cheti lisilofanana na la kitambulisho huingia akiwa amekwishashindwa nusu.

Kwa upande wa uongozi kazini, mfano ninaowapa vijana ni wa kocha wa soka Juma Mgunda, mtoto wa Tanga aliyewahi kuichezea na kuifundisha klabu ya Coastal Union. Septemba 2022 klabu ya Simba iliachana na kocha wake msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, ikamwita Mgunda kushika timu kwa muda. Hakuwa na nafasi ya kujiandaa. Alizifunga Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola, ugenini na nyumbani, akaifikisha Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 alipoletwa kocha mkuu kutoka Brazili, Mgunda alibaki kuwa msaidizi na kuendelea na kazi. Baadaye akakabidhiwa timu ya wanawake, Simba Queens, na Aprili 2024 akaitwa tena kuishika timu ya wanaume.

Somo ninalolichukua hapo lina pande mbili. Alipoitwa alikuwa tayari, kwa sababu miaka ya kufundisha klabu ya mkoani, pasipo kamera nyingi wala fedha nyingi, ilikuwa imemjenga. Na alipotakiwa kurudi nyuma hatua moja, alirudi bila kuvuruga alichokijenga. Wengi wanataka ujasiri wa kupanda. Wachache wamejifundisha utulivu wa kupisha. Mwajiri mwenye macho humtafuta mwenye vyote viwili, na ukiulizwa utafanya nini akiteuliwa mwingine juu yako, jibu lako litaonyesha ni kiongozi wa namna gani.

Kwa hesabu za nafasi nilizozitaja, wengi watakosa, na miongoni mwao watakuwamo walioandaliwa vizuri. Mzazi asimwambie mwanawe kwamba amewaangusha. Kukosa kiti kimoja kati ya watu themanini si hukumu juu ya uwezo wa mtu wala juu ya malezi yake. Kijana aandike maswali aliyoulizwa yakiwa bado mabichi kichwani, apime ni wapi alitetereka, kisha arudi kwenye shughuli zake za mtaani, kwa kuwa huko ndiko jibu la safari ijayo litakakotoka.

Kwetu sisi wakubwa nina ombi. Mji wetu unafunguka tena. Bandari imepanuliwa, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda mwisho wake ni Chongoleani, hapa hapa Tanga. Watakaogombea kazi zitokanazo na hayo watatoka kila pembe, baadhi yao wakiwa wamelelewa katika nyumba ambazo mtoto huulizwa maoni yake mezani. Tuwape wanetu daftari la kutunza wakiwa bado wadogo. Tuwakabidhi bajeti ya futari, orodha ya wageni wa maulidi, mfuko wa timu. Halafu tusiishie kupokea daftari na kusema ahsante. Tuwaketishe mbele ya ukoo, tuwaambie watusomee hesabu, tuwaulize maswali magumu, na tuwasikilize mpaka mwisho bila kuwakatiza.

Na wewe kijana, usingoje tangazo la kazi. Mwezi huu tafuta jambo moja mtaani ambalo watu wamelilalamikia na hakuna aliyelishika, ulishike, ulifikishe mwisho, kisha simama mbele ya wahusika uwape hesabu yake. Mtu aliyekwishatoa hesabu mbele ya majirani wanaomjua tangu utotoni, wanaozijua kasoro zake zote, hana cha kuwaogopa wageni wanne wenye karatasi ya alama.