Pa Kuchezea

Dar es Salaam, Sinza. Jua likishalegea, wasichana wanatoka na mpira wa soksi na chupa tupu ya maji. Wanacheza rede. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Anainama, anachota, anaruka, anageuka mpira ukimpita ubavuni, anainama tena. Muda si muda gauni limelowa jasho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili hasa, na huyu anazipata kabla ya kuitwa kuoga. Kuruka na kutua kunakomaza mifupa, kukwepa kunaupa mwili wepesi, na kukaa nje kwenye mwanga wa mchana kunapunguza hatari ya macho kushindwa kuona vya mbali. Yote hayo yanapatikana kwenye kiwanja kisichozidi upana wa nyumba moja, mama akiwasikia kutoka jikoni.

Unguja, Forodhani. Hapa uwanja ni bahari. Vijana wanakimbia, wanajirusha kutoka ukingoni, wanapinduka hewani, wanapanda tena. Watu wamejaa kuwatazama, na kweli wanastahili kutazamwa. Lakini niliowaona wakijirusha wote ni wavulana. Mvulana huachiwa aende mbali na nyumbani. Dada yake huchezea karibu, na kazi za ndani zikimsubiri. Utafiti wa dunia nzima uliotumia takwimu za mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi kiwango kile cha mazoezi: wavulana 78, wasichana 85. Pale ukingoni niliiona tofauti hiyo kwa macho.

Kigali. Tangu 2016 jiji hili hufunga baadhi ya barabara kuu kwa saa kadhaa asubuhi za Jumapili maalumu, watu watembee, wakimbie, waendeshe baiskeli. Zipo pia huduma za kupima sukari na shinikizo la damu bila malipo. Kilichonifurahisha ni kwamba familia zinatoka pamoja, kwa hiyo mabinti wamo: mmoja ananyonga baiskeli kupanda mlima, amesimama juu ya pedeli, baba anamfuata kwa miguu akihema. Ila ni asubuhi chache tu za mwezi, na mtoto anakua kila siku.

Nairobi, Pipeline. Maghorofa yamebanana hadi vyumba vya chini vinawasha taa mchana. Rede hapa huitwa kati, na watoto wanaijua vizuri, ila niliowakuta walikuwa kwenye korido ya ghorofa ya nne wakiviringisha mpira sakafuni, maana ukirushwa unagonga mlango wa jirani.

“Wacheze wapi, ndugu yangu?” mama mmoja aliniuliza. “Chini kuna pikipiki. Juu kuna kamba za nguo na ukuta mfupi.”

Kaka yao alikuwa ameshakwenda kutafuta uwanja wa mpira mbali na hapo. Wadogo na wasichana ndio waliobaki koridoni. Wengi wanalaumu simu, nami sikatai kwamba inamkalisha mtoto. Lakini hawa hawakuwa na simu. Walikuwa na mpira, na ardhi ndiyo iliyokosekana, kwa sababu kila kipande kilijengwa kikapangishwa. Viwanja vikubwa vya michezo ni vizuri, ila haviwafikii watoto hawa. Wanachohitaji ni kichochoro kimoja mbele ya mlango, kifungwe kila siku kuanzia wanapotoka shule hadi magharibi.

Nilikwenda steji ya bodaboda kuwauliza madereva wanaopita kichochoroni kutwa kama kinaweza kufungwa. Mzee wao alifikiri kidogo, akasema wanaweza kuzunguka upande wa pili, mradi saa zijulikane na wenye maduka wakubali. Wenye maduka wawili niliowauliza walikubali.