Taa ya Chumbe

Mama yetu alipoletwa Nairobi kwa ajili ya macho, tulimpa chumba chenye dirisha la magharibi, huku Kawangware. Usiku wa pili alituita, akauliza ile taa nyekundu ya mbali ni ya nini. Tukamwambia ni ya mnara wa simu. Akanyamaza kidogo. "Nami nilidhani Chumbe," akasema.

Mama alizaliwa Mbweni, Unguja, na Chumbe ni kisiwa cha huko kusini ya mji. Waingereza walijenga mnara wake mwaka 1904, uongoze vyombo viingiavyo bandarini, na mwaka 1926 ukatiwa taa ya gesi. Mtunza taa aliishi juu ya matumbawe matupu, pasipo kisima cha maji matamu, akikinga mvua. Alijengewa na msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi, nao ungalipo. Utotoni mwetu tuliusikia msikiti huo kuliko mnara wenyewe, kwani Mama hakuchoka kuuliza: mtu yule siku ya Ijumaa aliswali na nani? Hatukuwa na jibu, na sidhani kama alilitaka.

Daktari alisema ni presha ya macho. Maradhi haya hayaumi. Huanza kula pembeni, hata mtu akabaki kutazama kama aliyeshika mwanzi jichoni. Kilichokwisha potea hakirudi, dawa ya matone hulinda kilichobaki tu. Nasi wanawe tukaagizwa tukapimwe, kwa kuwa hufuata ukoo.

Mama anataka kurudi kwake. Hapo ndipo tulipogombana, ndugu kwa ndugu, jikoni, kwa sauti za chini. Wengine tulisema: nani atamtia dawa kila usiku asisahau? Wengine tukasema: ikiwa kuona kwake kumebaki kudogo, mbona tunakumaliza kwa kuta za Kawangware?

Ijumaa tulipanda naye matatu hadi mjini, Msikiti wa Jamia. Mjukuu wake akamshika kidevu, akamwinua uso taratibu mpaka akaupata mnara. Mama akamweleza kwamba kwa Kiarabu neno lile asili yake ni mahali pa nuru.

"Sasa taa iko wapi, Bibi?"

Alicheka, mara ya kwanza tangu aje.

Tumekubaliana atarudi baada ya kliniki ya mwezi ujao, na mmoja wetu atakwenda naye, akae hadi binti wa jirani ajue kutia matone vizuri. Si wote tulioridhika.

Jana usiku, tulipokwisha kumtia dawa, akiwa amefumba macho kama alivyofundishwa, aliuliza kama taa imewashwa. Tulichungulia dirishani. Ilikuwa pale pale, nyekundu, juu ya mnara wa simu.

"Imewashwa, Mama," tukamwambia.