Sauti ya Gari Kwenye Matope: Tusikilize Kabla ya Kulipa

Juma hili hatuandiki juu ya masomo ya watoto kama tulivyozoea, bali juu ya gari. Wengine watasema hayo ni mambo ya wababa. Lakini ni sisi tunaopandishwa garini usiku wakati wa uchungu, ni watoto wetu wanaobebwa asubuhi kwenda shuleni, na gari likiharibika sanduku linalofunguliwa ni la kikundi chetu.

Gari letu ni Toyota iliyotumika Japani kabla ya kufika hapa Bukavu. Kitabu chake kimeandikwa kwa Kijapani, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyeweza kukisoma. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipozidi, tukaanza kusikia sauti kila tulipopanda njia za udongo za Kadutu: grrr, tak-tak-tak, kama mtu anasaga mawe chini ya kapo. Gari lilitetemeka na kupungua nguvu. Kwenye tablo taa ndogo ya manjano, yenye picha ya gari na mistari miwili iliyojipinda nyuma yake, ilikuwa ikiwaka na kuzimika. Watoto wakanyamaza kimya. Mama mmoja akaomba ashuke amalize mlima kwa miguu.

Fundi wa kwanza hakugusa hata gurudumu moja. Alisikiliza maneno ya shofere, akatuambia: "Mama mwalimu, pompi ya freni imekufa. Inafaa kununua ingine." Bei yake ilikuwa dola 400. Hizo ndizo dola tulizoziweka kwa ajili ya wamama watatu waliokaribia kuzaa.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto akileta jibu la kushangaza, umuulize kwanza amefikaje hapo. Hatukulipa, wala hatukugombana na fundi. Tulimwomba shofere aende kwenye lami kavu, aondoke polepole, asimame, aondoke tena. Hakuna sauti. Tukarudi kwenye matope: sauti ikarudi, lakini pale tu gurudumu lilipoanza kuzunguka bure. Tukayaandika hayo yote, tukayapeleka kwa fundi mwingine. Huyo akacheka, akasema: "Hiyo si ugonjwa. Ni gari linawasaidia."

Akatueleza hivi. Karibu na kila gurudumu kuna kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko, na hesabu hizo zinafika kwenye kompyuta ndogo ya gari. Gurudumu linalosukuma likianza kuteleza, linazunguka haraka kuliko wenzake bila kupeleka gari mbele. Kompyuta ikiona hivyo, inafanya mambo mawili: inapunguza nguvu ya moteri, na inakamata freni ya gurudumu lile moja ili nguvu iende kwa lile lenye kushika chini. Kukamata huko kunafanywa na pompi na milango midogo inayofunguka na kufungwa mara nyingi kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo grrr tuliyoisikia. Chombo hiki kilizaliwa katika miaka ya 1980 kutokana na freni za ABS, ambazo Mercedes-Benz ilianza kuziuza mwaka 1978. Katika magari ya Toyota kinaitwa TRC.

Tunaandika haya ili kila mama ajue kutofautisha, kama anavyotofautisha kilio cha njaa na kilio cha maumivu.

Sauti ikitoka kwenye matope, changarawe au lami yenye maji, na taa ya manjano ikiwakawaka, kisha vyote viwili vikanyamaza gurudumu likishika chini, gari liko kazini. Kazi ya shofere ni kupunguza mafuta, asikanyage zaidi. Pia sauti fupi moja inayosikika gari likianza tu kutembea asubuhi mara nyingi ni kompyuta inayojipima.

Gari likizama kabisa katika matope, msaada huo unaweza kuwa kizuizi, kwa kuwa unakata nguvu kila gurudumu linapozunguka. Hapo shofere anaweza kubonyeza kitufe cha TRC OFF, atoke, halafu akirudishe mara moja.

Lakini kuna sauti za kutuogopesha. Chuma kinachokwaruza chuma kila mara freni inapokanyagwa, hata kwenye lami kavu: plaketi zimeisha. Mvumo unaopanda pamoja na mwendo: mara nyingi ni rulema ya gurudumu. Taa ya manjano inayobaki imewaka bila kuzimika: chombo kimezimwa au kina tatizo, na pengine ni matope tu yaliyoganda kwenye kile kifaa kinachohesabu, basi tuanze kwa kuosha. Taa nyekundu ya freni ikiwaka na freni ya mkono imeshushwa: tusimame, watoto washuke.

Jambo hili la mwisho lilitufikia mwezi wa pili. Sauti ileile ikatokea kwenye lami kavu, mahali tambarare. Kwa kuwa tulijua si mahali pake, tulisimamisha gari siku hiyohiyo. Mpira mmoja ulikuwa umetoboka, na ule uliowekwa mahali pake ulikuwa mdogo na umelika. Tulifanya hesabu na wanafunzi wa darasa la sita: gurudumu la sentimita 60 upana linazunguka mara 531 hivi katika kilomita moja, la sentimita 57 linazunguka mara 558 hivi. Kompyuta inaona mizunguko karibu 28 ya ziada, inadhani gurudumu linateleza. Inakamata freni ambayo hakuna aliyeiomba, gari limejaa watoto. Tulinunua mpira wa kipimo sawa. Sauti ikaisha.

Wale wamama watatu walijifungua, na dola zao zilikuwepo.

Sasa katika gari letu kunaning'inia daftari na kalamu. Yeyote anayesikia sauti anaandika mambo matatu: barabara ilikuwa kavu au na maji, taa gani iliwaka na ilizimika au hapana, shofere alikuwa akifanya nini. Fundi akitaja bei, tunamfungulia daftari kwanza. Vikundi vyenye gari, tunawaomba mnunue daftari kabla ya mvua kurudi, na mtuletee mliyoyasikia katika mkutano ujao.