Waya Uliobeba Redio

Kijana wa Mombasa aliyepata kazi ya kuunganisha kebo majumbani huko Pennsylvania, mapema miaka ya 1980, alidhani atahangaika na picha tu. Picha ndiyo iliyoizaa kazi yenyewe. Katika mabonde ya machimbo ya makaa ya mawe, milima ilizuia mawimbi kutoka Philadelphia, na televisheni zikaonyesha chenga tupu. Wauza televisheni waliumia kuliko wote. Mmoja wao, John Walson wa Mahanoy City, anatajwa kuwa alisimamisha antena mlimani mwaka 1948 na kuteremsha waya hadi mjini. Mwaka 1950 mji jirani wa Lansford nao ukapata mtandao wake.

Ila waya ule ule ulibeba redio.

Kwa mpango wa masafa wa Marekani, chaneli ya 6 iliishia megahezi 88, na ya 7 ikaanzia 174. Katikati ya hizo mbili ndimo zilimo redio za FM, kuanzia 88 hadi 108. Kampuni nyingi za kebo hazikuiacha nafasi hiyo ikae bure: zilipitisha humo stesheni zilizonaswa kwa antena ya mlimani. Kuanzia 1979, WFMT ya Chicago, stesheni ya muziki wa klasiki, ilirushwa kwa setilaiti, na watu wa mbali kabisa na Chicago wakaisikiliza kupitia kebo. Fundi huyu anamkumbuka mzee mmoja, mchimba makaa mstaafu, aliyekataa chaneli za sinema za kulipia. Alichotaka ni waya ufike kwenye redio yake ya sebuleni, apate opera.

MTV ilipoanza tarehe 1 Agosti 1981, kazi iliongezeka. Muziki wake ulitumwa kwa stirio, lakini televisheni za majumbani zilikuwa na spika moja, na mfumo wa stirio kwa televisheni Marekani haukuidhinishwa hadi 1984. Dawa yake ilikuwa kuigawa kazi: picha itoke kwenye televisheni, sauti ije kupitia FM. Mteja aliyelipia huduma hiyo alizima sauti ya televisheni, akafungulia redio yake kubwa, na nyumba nzima ikatikisika.

Kufunga mtambo huo kulitaka mkono mtulivu. Fundi alikata waya, akachuna ganda la nje, akarudisha nyuma wavu wa chuma, akaacha uzi wa shaba umechomoza kidogo tu, kisha akabana kiunganishi kwenye ncha ya waya kwa koleo. Unywele mmoja wa wavu ukigusa shaba, mawasiliano yameharibika. Hapo akafunga kigawanyi: tawi moja liende kwenye televisheni, jingine kwenye redio. Kila tawi lilipata chini kidogo ya nusu ya nguvu, kwa hiyo nyumba iliyokuwa mwisho wa mtaa, ambako mawimbi yalifika yamechoka, ilirudi kwenye chenga. Mafundi waliojali walipima nguvu kwanza nguzoni, ndipo wakaingia ndani. Huo ndio ufundi anaousifu mpaka leo, kwa sababu mteja hakuuona wala hakuulipia zaidi.

Baadaye televisheni zenyewe zikapata stirio, chaneli za muziki wa dijitali zikaingia miaka ya 1990, na kampuni zikaanza kuondoa mitambo ya analogi ili kupata nafasi ya huduma nyingine. FM ya kebo iliondolewa kimyakimya, mji baada ya mji. Historia nyingi za kebo hueleza sinema, ndondi na habari, lakini sauti haipewi hata ukurasa. Fundi huyu anaona hiyo ni dhuluma kwa wasikilizaji wengi. Enzi za FM ya kebo, kampuni ziligawa kadi ndogo zilizoonyesha kila stesheni iko wapi kwenye kebo. Aliye na kadi hiyo kwenye droo asiitupe. Aipeleke kwenye jumba la makumbusho la mji wake.