Kujikinga Si Kukosa Imani

Nataka kuwasimulia jambo ambalo kwa miaka mingi nililiweka moyoni.

Mwaka 2011, usiku mmoja wa masika, nilikuwa zamu katika wodi ya watoto. Wodi ilikuwa imejaa, vitanda vingine vimelaza watoto wawili wawili, na wauguzi tulikuwa wawili tu. Saa nane usiku akaletwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwili unawaka homa, amelegea kama kitambaa. Ilikuwa malaria kali. Daktari akaandika dripu ya kwinini, nami nikatayarisha vifaa vya kumtafutia mshipa.

Wengi wenu mmewahi kumshika mtoto wakati nesi anamwekea dripu. Kile kinachowekwa mkononi huitwa kanula. Watu wengi hudhani sindano hubaki mwilini, lakini sivyo. Kinachobaki ni mrija mwembamba wa plastiki laini, ambao mwanzoni huwa umevalishwa juu ya sindano. Sindano hutoboa ngozi na kuingia mshipani. Damu ikionekana nyuma ya kanula, nesi husukuma ule mrija ndani na kuivuta sindano nje. Hatari ya nesi imo katika sekunde hizo chache, tangu sindano inapotoka ikiwa na damu mpaka inapotumbukia kwenye kisanduku cha usalama.

Nilipata mshipa mara ya pili, mgongoni mwa kiganja. Nilipokuwa navuta sindano, mtoto akashtuka na kurusha mguu. Mguu uligonga mkono wangu, na ncha ikapenya glovu na kuingia kwenye kidole gumba cha kushoto. Kisanduku kilikuwa juu ya toroli, upande wa pili wa wodi. Nilimfunga mtoto plasta kwanza, nikafungulia dripu, ndipo nikavua glovu. Damu ilikuwa inatoka.

Niliosha kidole kwa sabuni na maji ya bomba, bila kukikamua, kama tulivyofundishwa. Kisha nikasimama pale nikijiambia kwamba sitasema. Niliogopa kuandikwa kwenye kitabu cha ajali. Niliogopa kuambiwa mzembe. Mwenzangu wa zamu, aliyenizidi umri, akaniona uso. Nilipomweleza akasema, "Mdogo wangu, aibu haina dawa. Hili lina dawa, tena dawa yenyewe ina saa. Twende kwa daktari."

Alisema kweli. Dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na zisichelewe kupita saa 72. Kabla ya alfajiri nilikuwa nimemeza dozi ya kwanza. Mama wa mtoto aliombwa ruhusa ili mwanawe apimwe, naye akakubali. Majibu yale ni siri yao hata leo. Asubuhi mama huyo alinifuata, kanga imemlowa machozi, akaniomba radhi kwa ajili ya mguu wa mwanawe. Nilimwambia mtoto hana kosa lolote. Kosa lilikuwa ile ncha kubaki wazi.

Siku 28 nyumbani

Nilitakiwa kumeza dawa siku 28 na kupimwa damu mara tatu, yaani siku ile, baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu. Tena nilielezwa kwamba katika muda huo mimi na mume wangu tutumie kondomu. Mama mwenzangu, wewe uliyeolewa unajua uzito wa neno hilo. Ningeanzaje? Nilijiuliza kama angeamini kwamba ni sindano.

Siku tatu nililala chumba cha watoto nikisingizia uchovu. Kichefuchefu cha dawa kilinifanya nikimbie harufu ya vitunguu, na binti yangu mkubwa akaanza kunisonga maswali. Usiku wa nne nilimwambia mume wangu yote. Alinyamaza, akatoka nje, akakaa barazani muda mrefu. Aliporudi aliuliza jambo moja tu: "Mama watoto, kwa nini umeubeba mzigo huu peke yako siku tatu?" Tangu hapo akawa anaamka alfajiri kunikorogea uji ili nisimeze dawa na tumbo tupu. Baada ya miezi mitatu majibu yangu yalitoka salama. Namshukuru Mungu.

Ukuta juu ya paa

Katika siku zile niliomba maombi kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani. Nilisema pia kwamba natamani hospitali inunue kanula zenye kinga, ambazo ncha yake hujifunika. Mama mmoja, mwenye upendo kwangu, akasema, "Mtumishi anayewahudumia wagonjwa hulindwa na Mungu, halindwi na vyuma." Wengine wakaitikia. Nilirudi nyumbani nikiwaza kama kweli imani yangu imepungua.

Nikaja kusoma Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta juu ya paa, ili asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mapaa ya kule yalikuwa tambarare, na watu waliketi juu yake. Hapo hakuambiwa aombe watu wasianguke. Aliambiwa ajenge, na ajenge kabla hajaanguka mtu. Nikaelewa kwamba kujikinga, na kuwakinga wengine, ni sehemu ya utii.

Jinsi ya kuchagua

Miaka kadhaa baadaye, katika kituo kingine, nilikuwa miongoni mwa wauguzi walioitwa kutazama sampuli za kanula. Vifaa hivi si vipya duniani. Marekani ilipitisha sheria ya kuwakinga wahudumu dhidi ya kuchomwa na sindano mwaka 2000, na Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake mwaka 2010. Kwetu shida kubwa ni bei.

Tuliona aina mbili. Ya kwanza ina kitufe. Ukikibonyeza, springi huirudisha sindano ndani ya kishikio. Ni nzuri, lakini nesi lazima akumbuke kubonyeza, na akibonyeza mapema, kabla mrija haujakaa mshipani, amepoteza mshipa. Ya pili ina kibanio kidogo ambacho hufunika ncha chenyewe sindano inapotoka kwenye mrija. Hii haingoji kukumbukwa. Nilichagua hiyo, kwa sababu saa nane ya usiku, wodi ikiwa imejaa, kukumbuka ndiko kunakotutoroka kwanza.

Tulitazama pia ukubwa. Kanula hutofautishwa kwa rangi: kijani na waridi kwa watu wazima, bluu na njano kwa watoto na wenye mishipa midogo. Sampuli moja nzuri sana ilikuja kwa kijani na waridi tu. Wodi ya watoto ingeifanyia nini?

Mhasibu akauliza kwa nini tununue ya bei kubwa wakati ya kawaida ipo. Nilimwomba ahesabu dawa za siku 28, vipimo vitatu na siku za muuguzi kutokuwa kazini. Kisha nikamweleza habari ya uji wa alfajiri, ambao hauingii kwenye hesabu. Fedha hazikutosha wodi zote. Tulikubaliana tuanze na watoto, dharura na wazazi, ambako wagonjwa hujirusha zaidi au kazi hufanywa kwa haraka.

Hata hivyo kanula ya usalama haiondoi wajibu. Kisanduku kiwe karibu na mkono, na kifungwe kikifika robo tatu. Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko. Ikishatolewa isirudishwe ndani ya mrija, maana yaweza kuukata na kipande kikaenda na damu. Na kila mhudumu achanjwe homa ya ini B, dozi tatu. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama 3. Homa ya ini B humwambukiza kwa urahisi zaidi sana yule asiyechanjwa.

Wewe mama ufanye nini?

Mtoto wako akiwekewa kanula, mshike imara begani na kwenye kiwiko, na mtu mwingine ashike miguu. Usione haya kuomba msaidizi. Ngozi ikishapakwa spiriti, usiiguse, iache ikauke. Baadaye patazame mahali pale mara kwa mara. Ukiona wekundu, uvimbe au joto, au mtoto akilia dawa inapopitishwa, mwite nesi mara moja, maana kanula hiyo inafaa kutolewa. Mtoto akiruhusiwa kurudi nyumbani, hakikisha ametolewa. Wala usiwaache watoto wachezee kisanduku cha sindano.

Na kama mume, dada au binti yako anafanya kazi hospitalini, awe muuguzi au mfagizi wa wodi, mwulize leo kama amechanjwa. Wafagizi nao huchomwa, tena na sindano ambayo hawaijui ilikuwa ya nani. Siku akirudi nyumbani ananyamaza, usimhukumu. Mkalishe, msikilize, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama wa kikundi chetu ana mjukuu anayesomea uuguzi sasa. Juzi alinivuta pembeni baada ya ibada, akaniuliza zile kanula zinazojifunika zinaitwaje, ili amwambie mjukuu wake. Nilimwandikia kwenye karatasi. Mungu awabariki, na atupe hekima ya kujenga ukuta kabla mtu hajaanguka.